Bosi Asiyesahau

Bosi wa kampuni ya chanjo hasahau kitu. Ukizungumza naye huinamisha kichwa, huchezesha pete kidoleni, na mwakani atakutajia jina la mjukuu wako. Leo, mahakamani Wilmington, wakili wa wenye hisa alimuuliza kama alijua chanjo zimeharibika alipouza hisa zake. "Sikumbuki," akajibu, akichezesha pete. Kila swali, "Sikumbuki." Marlys, katibu muhtasi wake, akabaki ameduwaa. Wakati wa mapumziko bosi akamsogelea, kichwa upande.

"Enhe, Marlys, yule paka wako, jicho lilipona?"

 Habari za paka Marlys alimpa mara moja tu, asubuhi ile ile mkuu wa maabara alipoingia akilia mbele yao kwamba chanjo zimeharibika.