Mng'ao wa Kumsubiri Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Singida. Nililetwa Tukuyu kufundisha kemia, nikaolewa hukuhuku, Mpuguso. Hakuna aliyenionya kuhusu baba mkwe! Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Nikisikia fimbo yake tu, natokea mlango wa nyuma mbio. Salamu zetu zote hupitia kwa mama mkwe.

Basi mzee akasikia kwamba natengeneza unga unaong'aa hata taa ikizimwa. Ni punje ndogo mno za kaboni. Nilizipata kwa kuchemsha maji ya limau na mbolea ya urea, nikazichanganya na asidi ya boriki, nikazikaanga mpaka zikawa kama kioo. Ukizimulika kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, zinashika mwanga, kisha zinaurudisha polepole gizani.

"Anataka kuona," mama mkwe aliniambia huku akicheka. "Anasema akifa hajaona, atakuja kukusumbua."

Jamani, nilivyofurahi! Tukaziba dirisha la sebuleni kwa blanketi, mchana kweupe. Masharti: taa ikiwaka, mzee anatazama ukutani, ikizimwa, ruksa kugeuka, maana gizani hakuna anayemwona mwenzake. Nikaumulika unga sahanini, nikazima.

"Geuka!" mama mkwe akapiga kelele.

Loo! Shingo ya mzee ni ngumu. Alipomaliza kugeuka, giza tupu.

"Kiko wapi?" akamuuliza mkewe. Nilitamani kulia.

Mchawi alikuwa mvua yetu hii isiyokatika. Unga ukipata unyevu, mng'ao unakufa upesi. Mzee akagoma kuondoka, nami nikakimbilia jikoni kuukaanga upya, safari hii kwa moto mkali zaidi ili mng'ao ukae. Niliupepea unga upoe huku naongea nao kabisa: msubiri, tafadhali, msubiri huyu mzee.

Tukarudia. Nilipozima, nikasikia kiti kikilia, mzee anageuka taratibu, na ile nuru ya kijani bado iko sahanini, imetulia.

"Yesu wangu," akasema.

Ikafifia, ikaisha. Kisha ile sauti ambayo tangu niolewe nimeisikia ikisema na wengine tu, ikaja upande wangu.

"Mkamwana, washa tena."

Nikaishika taa ya zambarau.

"Tazama ukutani kwanza, baba," nikamjibu.