Wimbo wa Mlango wa Kijani

Mwaka wa sitini na nne, nna miaka kumi na saba, nd'o dhiki iliponishika. Nilishuka Matrah, Omani, kutoka Unguja na kanzu moja mwilini na nyingine mkononi, mbichi, maana niliifua melini haikuwahi kukauka. Chuo cha Kurani nilisoma nikahitimu, skuli niliishia darasa la tatu, basi atakayeona nimeandika vibaya na anisahihishe kimyakimya. Nimebeba magunia, nimeosha masufuria, sijamuomba mtu. Haya nnayasema kwa kichwa juu. Lakini hiki kisa cha wimbo, wallahi, nnakisema kichwa kimeinama, maana wapo wazee wenzangu mpaka leo tukikutana mazikoni wananiangalia mara moja tu, kisha wanajifunika mdomo kwa ncha ya kilemba.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa jikoni, kambi ya watu wa mafuta nje ya Matrah, nnakaa huko wiki nzima, Alkhamisi jioni nnarudi mjini. Kambini alikuwapo Mmarekani mmoja mrefu, mchimba visima, sisi tukimwita Bwana Kofia kwa sababu ile kofia yake pana alikuwa haivui hata mezani. Alikuwa na santuri zake za nyimbo za watu wa mashamba wa kwao, magitaa na mafidla, mtu analia mkewe kaondoka, mwingine analilia mama yake, mwingine gari moshi. Mimi nikiosha vyombo nnasikiliza. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni (chumvi, moto, haraka, mjinga), lakini yeye akisema polepole kama anayelisha mtoto, tukafahamiana.

Siku moja nikamwambia, huyu anayeimba kapata taabu kweli duniani. Akacheka. Akanambia huyo muimbaji hajapata taabu yoyote, ana gari mbili, taabu ni ya mtunzi. Akageuza santuri akanionesha katikati pale, chini ya jina kubwa la muimbaji, jina dogo kama mdudu chungu. "Huyu nd'o aliyeachwa na mke," akasema. Kisha akatoa santuri nyingine, jina dogo jingine, akaweka kidole. "Huyu mimi."

Jamani, mimi nilikaa chini. Kumbe kwao ni kazi! Anatoka mtu nyumbani asubuhi kama anakwenda forodhani, anaingia chumbani na wenzake wawili, gitaa moja, kahawa, wanatunga mpaka adhuhuri, wimbo ukikamilika unapelekwa kwa muimbaji, akiukataa wanapeleka kwa mwingine, wakikataa wote, kesho wanarudi wanaanza upya, wala hawanuni. Yeye kazi hiyo kaifanya miaka, wimbo wake mmoja ukaimbwa nchi nzima, akiingia mkahawani anausikia watu wanauimba na hakuna anayemjua, anakunywa kahawa yake anaondoka. Ukaja mwaka nyimbo zake zote zikarudishwa, nd'o akaja kuchimba visima. Nilimuuliza, huoni uchungu? Akasema: "Wimbo si wangu, mimi ni mlango tu umepitia." Mimi nimekutana na matajiri na mawaziri maishani, sijapata kumhusudu mtu kama nilivyomhusudu yule, husuda ya kheri.

Akanifundisha siri ya kazi. Usiseme moyo wangu umevunjika, akasema, moyo hakuna aliyeuona. Sema kitu unachokiona kila siku. Kama mke kaondoka, nambie kikombe chake kiko wapi.

Sasa huku mjini mimi nilikuwa na langu. Mzee Khalfan, muuza vitambaa, mtu wa Unguja kama sisi lakini yeye alitangulia kuja, alikuwa na binti wawili. Mkubwa alikuwa anaolewa. Mdogo, Salma, nilikuwa nimempeleka mtu kunisemea, na Mzee Khalfan akajibu: "Muosha masufuria? Kwanza anioneshe jingine analoliweza." Hakukataa, mmesikia? Kasema nimuoneshe. Basi nikajitolea kutunga wimbo wa harusi ya dada mtu. Nikajisemea, hapa nd'o pangu, ntatunga kama wanavyotunga wale mabingwa wa kwao Bwana Kofia, watu watasema huyu ana kichwa, na Salma atakuwa wangu.

Kosa nilifanya moja tu, dogo. Nyinyi mnajua desturi yetu: wimbo una mwenyewe. Mtunzi anamtungia mtu, na asiyetungiwa akiona beti inamfaa adui yake anatoka anamtunza muimbaji kwa pesa pale pale kwenye ile beti, na akitoa tunzo huku anamuangalia mtu, basi kamrushia. Akitoa huku kajishika kifua, kasema wimbo huu ni wangu mimi. Hakuna wimbo wa hewani. Lakini wale watunzi wa Bwana Kofia wanatunga kisa kizima cha mtu ambaye hayupo! Mimi nikasema na mimi ntatunga cha mtu ambaye hayupo. Mume kaachwa, anakunywa kahawa peke yake, kisha (maana ni harusi, sikuwa mwendawazimu) mke anamrudia. Nikatia vitu nnavyoviona kila siku, kama nilivyofundishwa. Kikombe. Punda. Mlango.

Muimbaji alikuwa Hemedi, mpiga udi hodari, alitokea Suhar siku ile ile ya harusi, hamjui mtu. Nilimsomea akashika mara moja. Akaniuliza, "Yakhe, umemtungia nani?" Nikajibu kwa maringo, "Hakuna mtu." Akanitazama hivi, akasema, "Haya."

Harusi ikawa baada ya Alasiri, ndani ya ua wa Mzee Khalfan, milango imefungwa, maana siku zile Sultani wa zamani kakataza muziki, kinanda hukipigi kikasikika njiani, na watu wa mbali lazima watoke kabla lango la mji halijafungwa. Wanaume uani, wanawake roshani nyuma ya pazia. Nikaha imeshasomwa, bado bwana harusi kuingizwa ndani. Hemedi akaanza:

Vikombe nimeviosha, viwili nimevitia,
Kimoja nakunywa mimi, cha pili chamngojea.

Nilisikia mtu kapumua. Wengi pale waliacha mtu Unguja, mke, mama, ndugu, na kila mmoja nyumbani kwake kuna kikombe cha mtu. Kutoka juu ikaanguka leso imefungwa rupia, pu, mbele ya Hemedi. Kisha ya pili. Mzee Khalfan akanitafuta kwa macho akatikisa kichwa, taratibu, kile kichwa cha mtu aliyeridhika. Mimi nikakaa vizuri, nikavuta kanzu. Lau Hemedi angekatikwa na waya wa udi pale pale! Akaendelea:

Kamchukua na punda, kamba akaniwachia.

Juu wanawake wakapiga vigelegele na vicheko, leso zikamiminika, na sauti ya bibi mmoja ikapita pazia: "Mtunze huyo! Na mwenye kamba yake anaijua!"

Mimi nani kanambia (wiki nzima niko kambini nnasugua masufuria) kwamba Sheikh Mbarak, ami yake bwana harusi, mwezi ule mkewe kaghadhibika karudi kwao Samail, na kaondoka juu ya punda wa mumewe? Mjini wote wanajua. Sheikh Mbarak akasimama, mtu mnene, uso umekuwa kama tunda la bungo.

"Nani katunga huu?"

Hemedi akanionesha kwa kidevu, hata udi hakuweka chini.

"Umenitungia mimi, kijana?"

"Hapana, Sheikh. Sijamtungia mtu."

"Hujamtungia mtu!" Akawageukia watu. "Mnasikia? Wimbo una punda, una kamba, una kahawa, mtu hauna!"

"Ni desturi ya Wamarekani, Sheikh."

"Na punda naye Mmarekani?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikaharibu kila kitu. Sheikh Mbarak akamshika bwana harusi mkono, "Simama, tunaondoka, hatukuja kutukanwa," na jamaa zao wote wakaanza kunyanyuka. Roshani mtu akalia, nikajua ni bibi harusi. Mzee Khalfan akanijia mpaka sikioni, kasema kwa sauti ndogo kabisa: "Tengeneza. Sasa hivi."

Nikafikiri haraka, na hapo nd'o mjue kufikiri haraka si kufikiri. Nikasema moyoni, wakishajua wimbo ni wangu mwenyewe, nimejitungia mimi, mambo yatapoa. Nikapaza sauti, "Jamani, huu wimbo ni wangu mimi! Hemedi, endelea!" Nikatoka mbele ya watu wote, rupia mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimejishika kifua, nikamtunza. Na Hemedi, mtu wa kazi yake, akapanda sauti juu kabisa kwenye beti inayofuata:

Mlango ule kijani, ndiko alikotokea,
Kunijia alfajiri, nami nikampokea.

Nikwambieni habari ya mlango. Matrah nzima mlango wa kijani ulikuwa mmoja. Rangi niliileta mimi mwenyewe, masazo ya kambini, zawadi yangu kwa Mzee Khalfan. Nilikuwa nnaupita kila Ijumaa mara tano nikitaraji kumuona Salma, na kambini wiki nzima nnauona machoni, basi niliposema nitie kitu nnachokiona kila siku, mkono wenyewe uliandika. Sikufikiri. Na watu wote wale siku ile wameingia kwa mlango huo huo.

Vichwa vikageuka vyote pamoja kuelekea mlangoni. Kisha vikanirudia mimi, nimesimama, nimejishika kifua. Binti mkubwa kaolewa leo. Kwenye nyumba ile kabaki binti mmoja.

Akaanza Sheikh Mbarak. Alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Leteni kahawa!" akasema. "Mimi nimeibiwa punda tu, huyu kaiba nyumba!" Jamaa zake wakakaa, bwana harusi akakaa, harusi ikapona. Mzee Khalfan hakucheka. Alinambia neno moja: "Toka."

Na kutoka nako kukawa adhabu. Viatu vyote vimevuliwa pale mlangoni, ndara mia zote zimefanana, nami nimeinama nnatafuta zangu mbele ya watu, nnajaribu hii hainitoshi, ile si yangu, na nyuma nnasikia mtu anasema, "Leo hajui njia? Alfajiri anaijua." Mwisho nilivaa za kushoto mbili, nikasukuma ule mlango, nikaenda zangu.

Baada ya siku chache nikarudi kumuomba radhi Mzee Khalfan dukani kwake. Nikamwambia, ami, mimi sijamgusa mwanao, sijapata hata kusema naye, nipe nimuoe, fedheha iishe. Akakunja kitambaa, akakikunja tena. "Mimi nnajua hujamgusa," akasema. "Ungemgusa usingetunga vizuri namna ile. Lakini nikikupa leo, nimewathibitishia wimbo. Watasema kweli alitokea mlangoni. Nikimpa mtu mwingine, huyo mtu mwingine ataulizwa habari ya alfajiri. Umenifungia mwanangu ndani, kijana." Mimi nilitaka sifa, na msichana ambaye hakufanya lolote ndiye aliyelipa.

Mke wa Mzee Khalfan, Bi Zeyana, alinisimamisha njiani, kajifunika uso wote, akasema: "Salma anasema beti ya kikombe nzuri. Ya mlango ungeiwacha." Kisha akaenda zake. Miaka miwili nilikula maneno hayo asubuhi na jioni.

Bwana Kofia nilipomuhadithia alivua kofia, mara ya kwanza nnamuona nywele. Akasema kwao nako, mtunzi mwenzake mmoja alipoteza mke kwa beti moja na hakuifuta, kwa sababu ilikuwa beti nzuri. Nikamwambia mimi ningeifuta. Akasema, "Basi wewe ni mtu mwema, lakini mtunzi si wewe." Hakunitukana, alinipima tu. Wale watu ni wengine. Wanatoa kitu chao cha ndani kabisa wanampa mtu mwingine aimbe, ashangiliwe yeye, na kesho wanaamka wanatoa kingine. Mimi nilitoa kimoja tu nikaomba radhi mji mzima.

Basi ukaja mwaka wa sabini. Nchi ikafunguka, Sultani mpya, malango wazi, ndugu wanarudi kutoka kila pahala, redio kila duka, watu hawalali kwa mazungumzo. Mwezi haukwisha, Mzee Khalfan akaniita. Hata kiti hakunipa.

"Watu wamepata khabari nyengine," akasema. "Njoo Ijumaa, njoo na mashahidi wawili. Kinanda hakuna."

"Haya, ami."

"Na wewe hutungi tena."

"Situngi, ami."

Na sijatunga. Hata watoto wangu wakiolewa, wakiniambia baba tupe beti mbili, nnawaambia kaajirini mtu, hiyo kazi ina wenyewe. Na nyinyi vijana mnaoandika nyimbo kwenye masimu yenu, fanyeni, nnakuheshimuni, lakini kabla ya kutia mlango, tokeni nje mtazame ni wa nani.

Leo nna nyumba Mabela, ghorofa mbili. Nna ghala Rusayl na malori manne. Nna shamba dogo la mitende Samail. Nna mke mmoja, Salma, na watoto saba, wote wamesoma kunipita. Wimbo sina. Hemedi aliondoka nao siku ile ile, nimeusikia Dubai, nimeusikia Mombasa, na kila muimbaji anasema ni wa zamani, mtunzi hajulikani.