Msomaji wa Nyufa za Moto

Mzee tuliyemwita Lenzi hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na kioo cha kukuzia, na jicho la kulia lililozama ndani kwa kubanwa na kioo hicho miaka thelathini na moja.

Kwenye maabara yetu mimi nilijaza gesi na hewa katika mtungi mnene wa chuma. Cheche ikipigwa katikati, kwenye ncha za nyaya mbili, moto ulivimba kama puto, na kamera ikanasa mamia ya picha kabla hujapepesa jicho. Presha ikiwa ndogo, puto lilibaki laini. Ikiwa kubwa, ngozi yake ilipasuka, nyufa zikazaa nyufa, na moto ukatoka mbio. Kazi ya Lenzi ilikuwa kusema wazimu huo ulianzia picha ipi. Filamu alizisafisha mwenyewe, akazianika kama nguo, akazisoma moja moja, jicho la kushoto amelifumba. Enzi hizo mtu alikitazama kitu kwanza, ndipo akakizungumzia.

Kisha mpwa wake, aliyemlea na kumsomesha, akaletwa kuwa mkuu wetu. Alikuja na kompyuta.

"Mjomba, hii inamaliza filamu zako za wiki kabla hujapata miwani. Ukiishinda, unabaki. Ikikushinda, nenda kapumzike."

Zikawekwa filamu kumi. Ya kwanza, kompyuta ikataja picha ya tisa. Lenzi akataja ya thelathini na mbili.

"Hiyo inaota," akasema. "Ufa wa picha ya tisa umeletwa na nyaya za cheche. Unaanzia kwenye waya na hauzai. Ufa wa moto wenyewe huzaa."

Tukatazama, na kweli ufa ulianzia kwenye waya; hata filamu nyingine akashinda yeye. Tukapiga makofi. "Mzee kaichapa mashine!"

Mpwa akavuta kiti. "Nionyeshe tena, mjomba. Polepole."

Lenzi akalainika. Miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu. Akaeleza mpaka chai ya jioni, mpwa akiiingizia kompyuta kila neno. Kisha kompyuta ikarudia filamu zote kumi, na zote zikalingana na za Lenzi.

"Basi, mjomba. Asante. Sasa nenda kapumzike."

"Lakini nimeishinda!"

"Asubuhi, ndiyo."

Akaomba walau kioo chake. Akajibiwa kuwa ni mali ya maabara. Nikatumwa kumpekua mkoba langoni, nikaupekua. Mlikuwa na kandambili na kitambaa cha kufutia kioo. Alipita mbele yangu jicho la kushoto likiwa bado limefumbwa.