Wageni Wasimame

Nilienda Subukia kwa sababu nilikuwa nimekaa siku tisa bila kuongea na mtu. Mimi huchora mabango ya maduka chumbani kwangu Nakuru, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kutazama video, na wateja wangu hunitumia ujumbe tu. Niliwaandikia kwamba naenda kupumzika. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu mmoja ajue niko wapi.

Mama mwenye gesti alikuwa na vyumba vinne, ng'ombe watatu na mdomo usiopumzika. Nilipofika alinikagua kuanzia viatuni kwenda juu.

"Ai! Hata soksi umepiga pasi?"

Nilimpenda papo hapo. Hata hivyo, kwa siku mbili nilibeba sahani yangu hadi chumbani nikidai nina kazi, nikala nikimsikiliza akicheka jikoni na wanunuzi wa maziwa.

Jumamosi akaniambia, "Kesho ni kanisa. Mgeni yangu halali Jumapili."

Nilijua maana yake. Kanisani wageni husimamishwa, kila mmoja akataja jina lake, anakotoka na aliyemleta, kisha wote wakampigia makofi. Niliandika sentensi tatu za kusema. Nikazifuta, nikaandika upya, mpaka daftari likachafuka.

Mchungaji alipotuita, mama mmoja kutoka Molo alisimama, akasalimia vizuri, akaketi. Mimi nikabaki nimeketi. Mwenyeji wangu akanigusa kwa kiwiko, mara moja tu.

"Wageni wameisha?" mchungaji akauliza, akitazama benchi letu.

Nikainamia Biblia kama mtu anayetafuta mstari. Ibada ikaendelea.

Tukarudi nyumbani. Nilikuwa tayari nimeamua kufunga begi na kuondoka. Tulipofika getini, akasimama.

"Kumbe wewe si mgeni."

"Nisamehe, mathe."

"Nikusamehe nini? Mgeni husimama. Wewe umekaa na sisi wenyeji. Na mwenyeji kwa hii boma humenya viazi."

Akanipa kisu. Nilimenya polepole, nikichokoa kila kidoa, hadi akapoteza subira.

"Hiyo ni kiazi, si bibi arusi!"

Nilicheka kwa sauti, nikashtuka. Akaendelea kukoroga sufuria bila kunigeukia.

"Haya, sema. Ulikuwa uwaambie nini?"

Sentensi zangu zote zilikuwa zimepotea. Nikataja jina langu. Nikasema natoka Nakuru, naishi peke yangu, na hakuna mtu anayejua kwamba niko Subukia.

Akaweka mwiko chini. "Mimi najua," akasema. "Endelea kumenya, watu wana njaa."

Niliondoka Jumatatu. Jioni akanitumia ujumbe: "Umefika salama?" Neno moja lingetosha. Lakini nilitaka kumshukuru vizuri, kwa maneno yanayomfaa, na kila jibu nililoandika nililiona halijafikia kiwango. Wiki ya tatu sasa. Bado hajui kama nilifika.