Shamba la Ukoo Mezani

Nakumbuka, mwanangu, mvua ilivyoikata barabara ya kwetu Matombo nikiwa mjini Morogoro na kaka yangu Agustino. Yeye alishusha ndizi za kijiji chetu cha ujamaa, mimi nilikwenda kliniki na mimba yangu ya kwanza. Lori la kurudi halikuondoka, tukalala kwenye hoteli moja kuukuu karibu na soko, maana ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Bomba lilikuwa moja kwa korido nzima, ila mashuka yalikuwa safi, sitaisema vibaya. Nyuma ya baa palikuwa na chumba cha kamari, na kila mgeni alikijua.

Kesho yake mchana nikamkuta Agustino humo, jasho linamtoka. Baiskeli yake ilishakwenda. Mbele yake alikaa dereva mmoja wa Gairo, mpole kabisa, anachanganya karata.

“Nimeweka shamba la Matombo,” kaka akasema bila kuniangalia. “Limeliwa.”

Nilimchukia siku ile, sikufichi. Sisi Waluguru shamba ni la ukoo wa mama. Mwanamume analilima tu. Hata ujamaa ulipokuja, mashamba yetu ya mlimani yalibaki hivyo. Lile lilikuwa langu na la mtoto niliyembeba.

Barabara ilipopitika, dereva akapanda nasi kuchukua chake. Mjomba wetu, msimamizi wa ardhi ya ukoo, akamkaribisha ndizi za kupika, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninyooshea kidole mimi.

“Mwenye shamba ni huyu. Ulicheza naye?”

“Hapana, mzee.”

“Basi kula ushibe, ushuke salama.”

Dereva akainama, akala. Aliyelia ni kaka. Mjomba akamwambia, “Utamlimia dada yako. Ukitaka hata mkungu mmoja, utamwomba.”

Alilima, akaomba, mpaka akazeeka. Sikumnyima, ingawa zipo siku nilimsubirisha makusudi.

Mwanangu, sikukatazi hoteli za bei nafuu, na karata utacheza tu, nakujua. Ila kabla hujaweka kitu mezani, jiulize nani mwingine anakula kutokana nacho. Akiwepo hata mmoja, inuka uondoke, wakucheke wanavyotaka. Mungu akupe kilicho chako, na akuwekee ndugu wasiochoka kukusamehe.