Kigoda Kwenye Skrini ya Soketi

Jina langu la utotoni lilitokea kwenye skrini ya kikao, katikati ya kazi ya mtu mwingine. Na mama aliyenipa jina hilo tulishamzika.

Tulieni niwasimulie.

Mimi ni fundi wa kuchora saketi. Kiwandani kwetu tunatengeneza mitambo ya kuchaji betri, na hatuchomelei bodi hata moja kabla ya kuijaribu ndani ya kompyuta. Unachora, unaweka vipimo, kompyuta inakokotoa umeme utapitaje. Ikikubali, ndipo mnashika vifaa.

Mkuu wetu akatangaza: mwenye mchoro bora ataongoza tawi jipya, mji mwingine. Nafasi hiyo niliitamani mpaka nikaiota.

Sasa, kompyuta nayo ina ubishi wake. Sehemu ya saketi ikining'inia bila njia ya kwenda ardhini, inagoma kukokotoa. Basi mimi huipachikia rezista ya uongo, kile kifaa cha kubana umeme, ili itulie. Kwenye bodi halisi haipo kabisa. Safari hii nikaiita Kigoda, kama mama alivyoniita kwa kupenda kwangu kukaa.

Siku ya kikao akatangulia mwenzangu tuliyembandika jina la Soketi, maana kila umbea lazima uchomekwe kwake. Akafungua mchoro.

Wangu! Kila waya. Na pale pembeni: KIGODA.



"Hiki Kigoda ni nini?" mkuu akauliza.

"Ah, hicho... kinapunguza joto la betri, mkuu."

"Mwongo mkubwa wewe!" Nilishasimama. "Hakipunguzi chochote! Nimekiweka mimi, kuituliza kompyuta tu. Kifute uone!"

Mkuu akakifuta, akaanzisha hesabu. Kompyuta ikagoma palepale. Soketi akaanza kukohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Nafasi nikapewa mimi. Watu wakanipongeza, lakini roho ilikuwa inaniwaka. Nikamfuata Soketi koridoni.

"Kompyuta yangu ina nywila. Uliingiaje?"

Akaangalia chini. "Shemeji, mimi sikuiba. Nililetewa. Kamuulize mumeo."

Nikachukua mkoba, nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Nilimuuliza nikiwa bado mlangoni, mkoba begani. Hakukana, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ungeshinda ungeondoka," akasema. "Nimefanya kwa kukupenda, mke wangu."

"Si ungeniambia nisiende?"

"Ungenisikia?"

Eti ungenisikia! Mtu huyu ndiye aliyekuwa akiniletea chai nikichora, akiniinamia begani na kuuliza, "Kwa nini umeiita Kigoda?" Nami nikamsimulia habari za mama mpaka nikatoa machozi, akanifuta kwa kiganja chake. Halafu akaenda kumpa Soketi mchoro wangu.

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Sasa niko tawi jipya. Nimekuja peke yangu.

Kabla ya kupitisha saketi yoyote, huwa naharibu kifaa kimoja kimoja ndani ya kompyuta, nione kikifa kitaangusha nini. Nyumbani kwangu sikuwahi kujaribu hivyo. Nani angejaribu?

Ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa kazini unamfungia kwa nywila. Huyu wa nyumbani nilimtajia mwenyewe, tena kwa kumnong'oneza.