Mazishi ya Mguu wa Almeda Stroud

Almeda Stroud alikuwa mtu wa kinyongo, na sisemi hivyo kumsengenya. Niliishi ng'ambo ya barabara kutoka kwake miaka mingi, nikalalia mito aliyoijaza manyoya ya bata bukini wake, kama ilivyolaliwa na nusu ya kata yetu hapa Indiana. Ukimkosea, amekuandika moyoni. "Kusamehe ni kazi ya Mungu," alikuwa akisema. "Mimi nina bata wa kulisha."

Hakuolewa. Alimuuguza baba yake mpaka mwisho. Mzee alipofariki, kaka yake Almeda, Wendell, akamzika mjini kwenye makaburi ya kanisa, akauza shamba la ukoo upesi upesi, akahama. Almeda akabaki na nyumba ndogo kando ya barabara. Shamba akalinunua Verl Gatchell. Lakini kwetu shamba likiuzwa, makaburi hayauzwi. Hubaki ya ukoo, na ukoo hubaki na njia ya kupitishia maiti wao.

Makaburi ya akina Stroud yalikuwa juu ya kilima, katikati ya shamba. Pale alilala Josiah Stroud, aliyekuja kutoka Vermont na mkokoteni wa ng'ombe wakati huku kote kulikuwa msitu na matope, na mkewe Permelia, na watoto wao waliokufa wadogo. Watu hao walichimba kaburi kabla hawajachimba kisima. Nakereka sana nikisikia watu wakiwataja kana kwamba walikuwa picha tu ukutani. Barabara tunayopita waliifyeka wao.

Verl alianza kidogo kidogo. Kila masika trekta lake lilikisogelea kilima. Kwanza uzio ukatoweka, kisha miti, kisha njia yenyewe ikapandwa mahindi. Mwisho, mawe ya makaburi yakawa hayapo. Almeda akamvizia dukani.

"Verl, mawe ya watu wangu yako wapi?"

"Mawe gani, Bi Almeda? Si yalianguka! Barafu ikiinua udongo huangusha kila kitu."

"Barafu ya kwako ina miguu ya kuondoka nayo?"

"Mama, kule juu kuna nyasi na sungura tu. Wafu hawali mahindi."

"Na wewe hutayala kwa raha," Almeda akamwambia, akaondoka bila kununua kitu.

Alikwenda kwa wajumbe wa kata, wanaume watatu waliokuwa wakinywa kahawa na Verl kila asubuhi. Wakamwambia kwa upole, ule upole wa kumtoa mtu mlangoni, kwamba mahali pasipozikwa mtu tangu enzi za akina Josiah si makaburi tena, ni shamba.

"Kwa hiyo akizikwa mtu, ni makaburi?" Almeda akauliza.

"Hapo sawa, bibi. Lakini nani azikwe?"

Almeda akaenda zake. Alikuwa mzee lakini bado mgumu kama kinu, na Verl alikuwa akitangaza kwamba masika ijayo atakilima kilima chote.

Kiangazi hicho ugonjwa wa sukari ukamla mguu wa kushoto. Madaktari wakaukata chini ya goti. Nilikwenda hospitali na leso yangu tayari, nikijua nitamkuta analia. Nikamkuta ameketi, macho yanang'aa.

"Waambie wasiutupe," akaniambia.

"Wasitupe nini?"

"Mguu wangu, mwenzangu! Unadhani naongelea kofia?"

Hapo nikaelewa. Kwetu, tangu enzi za mashine za kupasulia mbao, mkono au mguu ukikatwa huzikwa kwenye makaburi ya ukoo, umsubiri mwenyewe, ili siku ya ufufuo asihangaike kuutafuta. Watu wengi wameiacha desturi hiyo, lakini hakuna aliyethubutu kuicheka.

"Subiri basi mavuno yapite," nikamwambia. "Sasa hivi mahindi ya Verl yamepita kimo cha mtu."

"Najua yamefika wapi," akasema.

Mguu ukakaa kwenye barafu katika nyumba ya mazishi mpaka mwenyewe alipotoka hospitali. Siku ya mazishi gari la maiti lilitangulia na kasanduku kadogo, Almeda ameketi mbele karibu na dereva. Nyuma yake tukafuata kata nzima, kila aliyewahi kulalia mto wake. Wajumbe nao walikuwepo, maana mazishi yana chakula. Verl akasimama katikati ya lango la shamba, mikono ameitanua.

"Simameni! Nani kafa?"

"Hajafa mtu bado," Almeda akajibu dirishani. "Nimetanguliza mguu."

"Mguu siyo maiti!"

"Uko kwenye sanduku na mchungaji yupo. Unataka nini tena, harufu?"

Watu wakacheka ndani ya magari. Verl akawageukia wajumbe. Mmoja akakohoa, akaangalia viatu vyake. "Verl, njia ya maiti ni njia ya maiti. Mpishe."

Tukapita. Mabua yalivunjika chini ya magari, na nilipaswa kuyaonea huruma, maana mimi pia ni mkulima. Sikuyaonea. Sauti ile ilikuwa tamu masikioni mwangu. Baadaye, tulipokuwa tunarudi, Almeda alimwambia dereva apite upande mwingine wa mahindi, kwa kuwa njia ya kwanza imeharibika.

Lakini kabla ya hapo, kilimani, shimo lilipokuwa limefukiwa, alikuja Nadine, mke wa Verl, na bakuli la viazi, kama mwanamke yeyote aendapo msibani. Akatazama huku na huku.

"Bi Almeda, watu wako wamelala wapi? Sioni jiwe hata moja."

"Muulize mumeo."

Verl alikuwa ametufuata kwa miguu. Nadine akamtazama. Verl akainama. Nadine akaliweka bakuli chini polepole.

"Yale mawe ya mlangoni pa chumba cha maziwa," akasema. "Uliniambia umeyatoa machimboni. Asubuhi na jioni nayakanyaga na ndoo mkononi. Yageuze, Verl. Sasa hivi."

Tukashuka wote kwa miguu mpaka hapo mlangoni, tukimsukuma Almeda kwenye kiti cha magurudumu. Verl akachukua mtaimbo, akaling'oa la kwanza, akaligeuza. Maandishi yalikuwa safi, kwa kuwa yalilala kifudifudi.

"Soma," akasema Almeda kwenye kiti chake.

"Bi Almeda, mbele ya watu wote hawa?"

"Uliyatoa watu hawapo. Utayarudisha wakiona. Soma."

"Josiah Stroud," Verl akasoma.

"Mbebe."

"Nina lori hapo, mama."

"Permelia alipanda kilima hicho na mtoto mfu mikononi. Hakuwa na lori. Mbebe."

Vijana wawili wakataka kumsaidia, Almeda akawazuia kwa mkono. Verl akalibeba jiwe mgongoni, akapanda nalo kupitia mahindi yake yaliyolala, akalisimamisha. Akarudi akambeba Permelia. Sisi tukapanda naye, tukimsukuma Almeda. Alipolisimamisha la pili shati lilikuwa limechanika begani na damu inatoka. Akavua kofia, akasimama mbele ya kiti cha magurudumu.

"Bi Almeda, nisamehe."

Almeda akanyoosha kidole kule chini kwenye chumba cha maziwa.

"Vaa kofia yako, Verl," akasema. "Jua ni kali, na watoto wa Permelia bado wako mlangoni pako."